Kinubi Kilichopimwa kwa Mkono Wangu

Niliposikia Mama Masika amefariki sikulia. Nilikuwa dukani kwangu Isipingo, kusini mwa Durban, nimeinamia simu ya mteja nikiibadilisha kioo, na mke wa mchungaji akanipigia kunieleza kwamba mama yetu amepumzika asubuhi, mazishi ni Jumamosi, na familia inaniomba nije na kinubi. Nikamwambia nitakuja. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, nikamwuliza kama Goreti amepata habari. Akasema Goreti ndiye wa kwanza kuambiwa, na sasa yuko njiani, anakuja kwa basi kutoka Cape Town. Nilimaliza kazi ya mteja, nikampa simu yake, halafu nikakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Mama Masika aliugua muda mrefu, na sote tulikuwa tumeanza kumuaga polepole. Kuonana na Goreti ndiko sikuwa nimejiandaa nako. Tangu aondoke Durban tulikuwa tukipigiana simu wakati wa Krismasi na wakati wa misiba, tukisemezana kwa adabu kama mawifi, na kila nilipokata simu nilikuwa na jasho mgongoni. Watu wa kanisani wananiita Mama Kinubi. Wananialika harusini na kuniweka kiti cha mbele. Hawajui kwamba kinubi hicho kilipopimwa kwa mkono wangu kulikuwa na mkono mwingine uliostahili kupimwa, na kwamba mimi sijawahi kukishika bila kuukumbuka.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule tuliokaa Pinetown, mimi na yeye, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya MaDlamini. Mimi nilitoka Uvira, yeye Bujumbura, miji miwili inayotazamana juu ya maji ya ziwa moja, lakini ilibidi tufike Durban ndipo tujuane, kwenye foleni ya makaratasi ya ukimbizi, ambako aliniazima mwavuli wake na yeye akajifunika kitenge. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, stovu ya mafuta ya taa, na dirisha lililotazama kamba ya nguo za mwenye nyumba. Tulilala mzungu wa nne, kichwa chake kwenye miguu yangu, kwa kuwa alisema ninakoroma. Jioni tulipika bugali na ndagala, na harufu ya wale samaki wakavu ilimfanya MaDlamini afungue mlango wake wa jikoni na kumwambia dada yake, kwa Kizulu ambacho tulikuwa tumeanza kukidaka, kwamba wasichana wake wanachemsha viatu. Goreti alicheka mpaka akaweka mwiko chini, maana kazi yetu ilikuwa kwenye kiwanda cha viatu kweli. Kesho yake alimpelekea MaDlamini sahani, akasimama mlangoni mpaka ikaliwa. Tangu siku hiyo mama yule alikuwa akituuliza kila Ijumaa kama viatu vimeiva, na sahani yake ilikuwa ya kwanza kupakuliwa. Goreti alikuwa mtu wa namna hiyo. Alitoa kwanza, na mtu akajikuta amepokea kabla hajafikiri.

Kanisa letu lilikuwa ukumbi wa kukodi juu ya duka la matairi. Mama Masika alikuwa mshonaji, mtu wa Beni, mnene, mwenye sauti ndogo. Jumapili ya kwanza tulipomsikia alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na mapajani ameweka kitu ambacho sikuwahi kukiona: tumbo la mti lililofunikwa ngozi ya mbuzi, shingo iliyopinda kama mundu, na nyaya nane zilizovutwa kutoka shingoni mpaka tumboni. Kwao kina jina lake, ila sisi tulikiita kinubi. Nyaya zake zilikuwa za chuma. Alinunua kebo za breki za baiskeli, akazifumua, akachagua waya mmojammoja kwa unene wake na kuusugua kwa majivu mpaka ukang'aa. Sauti yake haikuwa laini. Ilikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayesema kweli huku koo limemkauka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani Goreti aliuimba wimbo wote, na pale ambapo maneno yalinyamaza akaimba sehemu ya nyaya za chini, bila kukosea. Mimi nilikuwa nimeshika maneno tu.

Tukaenda kuomba kufundishwa. Mama Masika alikuwa amepanga kibanda cha uani kwa familia ya Kihindi kule Chatsworth, chumba kimoja kilichojaa vitambaa hata tukawa tunakaa juu ya marobota. Mwenye nyumba, ambaye wote walimwita Aunty, alikuwa akituletea kari ya maharage na mkate mweupe, na pilipili yake ilimtoa Goreti machozi, lakini hakuacha hata punje. Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa pale. Nyaya za chuma hazina huruma kwa vidole vya mwanafunzi. Ncha zilichanika, zikapona, zikachanika tena, na Mama akatufundisha kuziloweka kwenye maji ya chumvi. Alikuwa akigeukia ukutani, anagusa waya mmoja, na Goreti bila kutazama anasema ni upi. Waya ukilegea kidogo tu, Goreti alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Mimi nilijifunza kwa kuhesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, na Mama alikuwa akiniambia kwa upole kwamba wimbo haupandwi kama ngazi. Sikuwa na kipaji chake, na wala sikumwonea wivu. Nilipenda tu kuwa mahali alipokuwa.

Kisha upepo mkali ukaangusha mparachichi wa Aunty. Mama Masika akaomba kipande cha shina. Alikitazama kila upande, akatuambia kitatosha kinubi kimoja, na kwamba atakitengeneza kwa ajili ya mmoja wetu. Ngozi aliitoa MaDlamini, ambaye kwake mbuzi alikuwa amechinjwa kwa ajili ya wazee wao. Mama alitueleza kwamba kinubi cha aina yake hakinunuliwi kama sufuria. Shingo hupimwa kwa mkono wa mwenyewe, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Tumbo huchongwa likae kwenye mapaja yake, na nafasi kati ya waya na waya hufuata upana wa vidole vyake. Mtu mwingine anaweza kukipiga, akasema, lakini atakuwa kama amevaa viatu vya jirani. Tulimwuliza ni kwa ajili ya nani. Akasema tuje Jumamosi, atatupima sote wawili, mti wenyewe utamwambia unamfaa nani.

Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yangu kiwandani. Goreti alikuwa huru. Jioni ya Ijumaa nilikuwa nimekaa kitandani nikijipaka mafuta kwenye vidole, nikijionea huruma, na yeye alikuwa akiosha sahani kwenye beseni.

"Nenda wewe," aliniambia. "Mkono wako wa kushoto bado ni wa mbao, Mama atautengeneza. Mimi nitapimwa Jumamosi ingine."

Nikamwambia msimamizi atajua. Akasema kwa msimamizi yule Goreti ni Odeta na Odeta ni Goreti, hajawahi kututazama usoni. Atajibu jina langu getini, basi. Nilibisha mara moja, kwa adabu, kama mgeni anayekataa nyama ya pili. Halafu nikanyamaza, maana nilitaka kwenda.

Kule Chatsworth Mama Masika alinikuta mlangoni na uso wa wasiwasi. Shina lilikuwa limeanza kupasuka upande mmoja kwa jua, na kama halikuchongwa siku ile lingefaa kuni tu. Akaniuliza Goreti yuko wapi. Nikamweleza. Akalishika shina, akapitisha kidole kwenye ule ufa, akasema basi Mungu ndiye amechagua. Ningeweza kumwambia kwamba mwenye sikio ni mwenzangu, achonge kwa kukisia, anaujua mkono wake. Neno lilikuwepo kinywani. Nikanyoosha mkono wangu juu ya meza ya kushonea, na akaupima kwa utepe wake.

Sijawahi kuwa na saa za furaha kama zile, na ndiyo maana zinaniuma. Alichonga, nikashikilia. Maranda ya mparachichi yalijaa kwenye vitambaa. Katikati ya kazi alitoka nje, nikadhani amekwenda kwa Aunty, mara nikasikia ananiita kwa nguvu kutoka uani, "Odeta!" Nikaitika. Akarudi mbio akiishika sauti yangu puani, akaitafuta kwenye kinubi chake, akaweka alama ya chaki pale alipoipata. Akanieleza kwamba waya wa kwanza hufungwa kwa sauti ambayo mwenyewe huitika akiitwa bila kutazamia, kwa kuwa hapo mtu hajapata nafasi ya kujipamba. Shingo ilikuwa imeshakatwa kwa kipimo changu, na tulikuwa tunakula mkate na chai, simu ilipolia. Alikuwa msichana mmoja wa kiwandani. Mashine ya kukatia soli ilikuwa imemshika Goreti mkono wa kulia.

Kwenye hospitali alikuwa amelazwa kwa jina langu. Alikuwa amejibu jina langu getini asubuhi, na waliombeba walisema jina walilolijua. Nesi alipokuja na dawa aliita "Odeta," tukaitika sote wawili pamoja, mimi kutoka kwenye benchi na yeye kutoka kitandani, na nesi akatutazama akadhani tunamfanyia mchezo. Vidole viwili vilikuwa vimeondoka, cha shahada na cha kati. Mkono ulikuwa umefungwa bandeji nene kama mtoto aliyefunikwa blanketi. Kiwanda kilisema aliyeumia hakuwa mtu waliyemwita kazini siku ile, na hapo kikanawa mikono. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Goreti akanitangulia.

"Mti ulikubali?"

Nikasema ndiyo, umekubali.

"Sharp, sawa," akasema, akafumba macho.

Miezi iliyofuata nilimfungia vifungo, nikamsuka, nikamkatia bugali matonge mpaka alipojifunza kuyakata kwa kushoto. Mama Masika alitaka kuupasua ule mti uwe kuni. Alisema hawezi kuweka nyaya kwenye kitu kilichokuja na damu. Ni Goreti aliyemkataza. Alimwambia kwamba vidole havitarudi kwa kuchoma kinubi, na kwamba yeye anataka kukisikia. Basi kikamalizwa. Ngozi ikavutwa na kukaushwa, vigingi vikachongwa, nyaya zikafungwa moja baada ya moja. Kilibaki kupambwa tu, na kazi hiyo ni ya mwenye kinubi mwenyewe, kwa msumari uliopashwa moto. Kila nilipoushika msumari niliuweka tena chini. Mwisho nikamwomba Goreti anichoree, nami nitafuatisha. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Labda nilitaka na yeye awe na sehemu yake. Alichukua chaki ya kushonea kwa mkono wa kushoto, akachora safu ya majani ya sombe, yale ya muhogo, kwenye shingo yote, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama mtoto wa shule. Mistari ilitetemeka. Jani moja lilikuwa kubwa, lingine dogo, la tatu limelalia upande. Alipotoka kumsaidia Aunty kuanua nguo, nikapasha msumari kwenye stovu ya Mama, nikaanza kuchoma, na kila palipotetemeka mimi nikanyoosha. Nikayasawazisha majani yote. Nilitaka kipendeze. Aliporudi alipitisha kidole gumba juu yake, taratibu, mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Iko muzuri."

Kuhusu vidole, watu wote walionijua mwaka ule waliniambia sina kosa, na kichwa changu kinakubali. Mashine haikuwa yangu, na yeye ndiye aliyejitolea. Lakini ule mstari niliunyoosha mimi, kwa mkono wangu, yeye akiwa hatua chache uani, na kwa miaka yote hii nilipotaka kujihukumu nilianzia hapo.

Baadaye nikasikia neno lililonimaliza. Nilikuwa nje ya kibanda cha Mama, nikivua viatu vilivyojaa matope, naye alikuwa ndani akizungumza kwa simu na ndugu yake. Alisema, bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya shamba, kwamba mwenye sikio ndiye aliyekatwa, na huyu aliyebaki ana bidii. Nikavaa viatu tena, nikazunguka nyumba ya Aunty, nikarudi nikipiga kelele za makusudi ili ajue ninakuja. Siku hiyo nilipiga vizuri kuliko siku zote, kwa hasira, na Mama akanipongeza.

Tangu hapo sikuweza kupiga mbele ya Goreti. Nilifanya mazoezi alipokuwa kwa MaDlamini au sokoni. Nikisikia miguu yake kwenye changarawe nilizishika nyaya kwa kiganja zinyamaze, nikakifunika kinubi kwa kitenge na kukisukuma chini ya kitanda, na alipoingia alinikuta nikichambua mchele. Nilidhani ninamhurumia. Nilijisifu hata, kwamba sijivuni mbele ya mtu aliyeumia. Chumba kikawa kimya. Tulikula bila kucheka, na MaDlamini aliniuliza tumegombania mwanaume gani. Kabla mwaka haujaisha Goreti akasema binamu yake ana jiko la chakula Cape Town na anahitaji msaidizi. Nilimsindikiza kwenye basi. Nilimpa blanketi letu, nikabaki nalala na koti.

Sasa, baada ya miaka hiyo yote, nilimkuta tena katika chumba kilekile cha Mama kule Chatsworth, Ijumaa mchana, siku moja kabla ya mazishi. Uani kulikuwa na akina mama na masufuria, na Aunty, ambaye amezeeka sana, alikuwa ameketi kwenye kiti katikati yao akitoa amri. Nilikuwa peke yangu ndani, nikikaza nyaya. Mlango ukafunguka. Alikuwa amenenepa, amevaa kilemba cha kijani, na mkono wa kulia ulikuwa umebeba bakuli la maharage ya kuchambua, wazi, bila kujificha. Kabla sijajua ninafanya nini kiganja changu kilikuwa kimezishika nyaya.

Akatazama mkono wangu. "Bado unaacha nikiingia," akasema.

Nikasimama nikaanza kulia, na maneno yote niliyoyameza kwenye zile simu za Krismasi yakatoka. Nilimwambia kwamba nilibisha mara moja tu ile Ijumaa. Nilimwambia kwamba Mama aliniuliza yuko wapi na mimi nikanyoosha mkono. Nikamwambia habari ya majani. Alikuwa ameketi kwenye robota la vitambaa, anachambua, anasikiliza. Habari ya majani hakuielewa. Ilibidi nimpe kinubi mkononi. Akakigeuza kwenye mwanga, akaniuliza kama kweli yeye ndiye aliyeyachora, akasema hakumbuki, na kama aliyachora kwa kushoto mwaka ule basi ni bora niliyanyoosha. Nilihisi kama mtu aliyebeba mzigo kilomita nyingi, akafika, akaambiwa kijiji si hiki.

Kisha akaweka bakuli chini.

"Odeta, vidole nililia mwaka mmoja, vikaisha. Nilijua sitapiga tena. Nikasema sawa, nimebaki na masikio, na kinubi kiko ndani ya chumba changu. Lakini kila nikiingia unakizima. Nilikuwa nasimama kule kwenye kamba ya nguo ili nikusikie kidogo. Ukiona kivuli changu, kimya. Mimi sikuhama kwa sababu ya mkono."

Nikamwomba anisamehe. Alisikiliza uani, ambako mtu alikuwa akiuliza maharage yako wapi, akainuka.

"Nitaona," akasema. "Kesho mimi nitaimba. Wewe upige, na usiangalie mkono wangu."

Tulimzika Mama Masika hivyo. Sauti ya Goreti imeshuka chini, imekuwa nzito, na ilibidi nilegeze nyaya tatu pale pale kaburini ili nimfuate. Nilikosea mara kadhaa, naye alinivuta kwa sauti mpaka nikarudi njiani. Jumapili akapanda basi. Tuliagana kwa mikono, hakunikumbatia, na nikarudi Isipingo nikiamini ndiyo basi.

Jumapili iliyofuata simu ililia baada ya ibada. Hakunisalimia sana. Alisema anapika, niweke simu juu ya meza nipige kinubi. Nikapiga. Upande wake nilisikia mafuta yakichemka, kisu kwenye ubao, na mtu akiingia akaambiwa anyamaze. Amekuwa akipiga simu kila Jumapili tangu hapo. Neno la msamaha hajalitaja, na mimi sijamuuliza tena. Mkono wangu bado unataka kuzima nyaya kila nikisikia anapumua kwenye simu. Ninaukataza, ninaendelea, mpaka aseme chakula kimeiva.